Mdogo wangu kaugua ubongo, sasa paka wetu anatakiwa kutiwa kwenye gunia

Daktari, shikamoo.

Naandika kutoka Tanga mjini. Nina miaka 34, watoto wawili na mimba ya miezi mitano. Nyumbani tupo mimi, baba watoto, mama mkwe, wanangu, na sasa yupo mdogo wangu wa kiume aliyerudi kutoka Mirerani, alikokuwa kwenye machimbo ya tanzaniti.

Mdogo wangu anaishi na VVU. Alianza ARV zamani akiwa hapahapa Tanga, akanenepa, akawa mzima kabisa. Alipokwenda machimboni akaacha. Anasema aliona aibu kujiandikisha upya mahali asipojulikana, na kwa kuwa mwili ulikuwa na nguvu akajiambia huenda amepona. Amerudi amekonda, kichwa kinamuuma usiku na mchana. Halafu mkono wa kulia ukaanza kulegea. Siku moja kikombe cha chai kilimponyoka, akabaki anakitazama pale chini, wala hakujua kimeanguka saa ngapi. Ulimi ukawa mzito. Mama mkwe akasema kijana karogwa na wenzake kwa sababu ya mawe, tukampeleka kwa mganga. Tulipoteza muda mwingi huko, mpaka usiku mmoja akashikwa na degedege ndipo tukakimbilia hospitali.

Walimpiga CT skani, wakasema kuna uvimbe mdogomdogo kadhaa kwenye ubongo, ugonjwa unaitwa toksoplasmosisi. Wakampa Septrin nyingi, na haikuchukua muda akaanza kuongea anaeleweka. Sasa yupo nyumbani, mkono unarudi taratibu, ARV ameanza upya. Lakini siku ya kuruhusiwa tuliambiwa neno moja tu: "Hao ni wadudu wa paka, ondoeni paka." Foleni ilikuwa ndefu, sikupata nafasi ya kuuliza.

Basi tangu hapo nyumbani hakukaliki. Tuna paka anaitwa Chui, ana miaka sita, analala chini ya kitanda cha wanangu. Mume wangu amesema mwezi huu ukiisha anamtia kwenye gunia akamwage mbali. Mama mkwe amemtengea mdogo wangu sahani, kikombe na kijiko, na watoto hawaruhusiwi kukaa naye mkeka mmoja. Mimi kila nikimwona Chui nashika tumbo.

Naomba unijibu. Ni kweli paka ndiye aliyemfanya hivi? Kama ndiye, mbona sisi wengine tumeishi naye miaka yote hatujaugua? Mtoto aliye tumboni yupo salama? (Kliniki nilipimwa VVU, sina.) Mtoto akizaliwa, mjomba wake ataweza kumpakata? Na huyu mdogo wangu anauliza Septrin atameza mpaka lini, maana anataka aanze bodaboda.

Dada mwenye mashaka, Tanga

*

Marahaba, dada yangu. Pole kwa kuuguza, na hongera kwa kumfikisha hospitali.

Nianze na sahani, kwa sababu hilo linaweza kumalizika leo jioni. Toksoplasmosisi haiambukizi kwa kula pamoja, kwa kikombe, kwa mate, kwa jasho wala kwa kulala mkeka mmoja. Njia za kutoka kwa mtu kwenda kwa mtu ni chache sana: mama kwenda kwa mtoto aliye tumboni, na kupandikiziwa kiungo au, kwa nadra mno, kuongezewa damu. VVU navyo haviambukizi kwa sahani. Kwa hiyo mrudishieni ndugu yenu nafasi yake kwenye sinia. Mtoto akizaliwa, mjomba ampakate, ambembeleze na ampeleke baraza kuota jua. Mama mkwe mweleze kwa heshima na kwa upole, na kama neno lako halimtoshi, mwende naye CTC, kliniki ya matunzo na tiba ya wenye VVU, siku ya miadi alisikie kwa muuguzi. Mgonjwa aliyekwisha kuacha dawa mara moja kwa sababu ya aibu ataziacha tena mkimpa aibu nyingine nyumbani.

Sasa tuje kwa Chui. Angalia mfuatano wa habari kama ulivyoniandikia mwenyewe: mdogo wako alirudi kutoka Mirerani kichwa kikiwa tayari kinamuuma. Hakuja kuugulia kwa paka wenu. Tena kwa mtu mwenye VVU, ugonjwa huu ukipanda ubongoni mara nyingi si maambukizi mapya. Ni kimelea alichokipata zamani, pengine akiwa mtoto mdogo anacheza mchangani, pengine kwenye nyama, kikakaa ndani yake miaka na miaka bila yeye wala ninyi kujua.

Kimelea chenyewe kinaitwa toksoplasma. Kilitambuliwa mwaka 1908 mjini Tunis, ndani ya mnyama mdogo mgugunaji aitwaye gundi. Paka hakutajwa kabisa siku hizo, nafasi yake ilikuja kueleweka mwishoni mwa miaka ya 1960. Ni kweli ana nafasi kubwa, kwa sababu ndani ya utumbo wa jamii ya paka tu ndimo kimelea hiki kinamoweza kutengeneza mayai yake. Lakini wanaokibeba ni wengi: mbuzi, kondoo, nguruwe, kuku wa kienyeji wanaodonoa ardhini, panya, ndege, na binadamu. Inakadiriwa kwamba theluthi moja hivi ya watu duniani wanacho. Kwenye nyumba yenu sitashangaa kama wapo wawili au watatu. Sitashangaa hata kama mimi ninacho.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako zuri kuliko yote: mbona wengine hatuugui?

Mtu mwenye kinga nzima akimeza kimelea hiki, mara nyingi hajui kama kuna kilichotokea. Wachache hupata homa ndogo, uchovu, misuli kuuma na matezi kuvimba shingoni, mambo ambayo watu huyaita mafua au malaria yakapita. Matezi yanaweza kubaki yamevimba kwa wiki kadhaa, na nimewaona waliopimwa TB ya matezi kwa ajili hiyo. Halafu kinga inakibana. Hakifi chote, kinajifungia ndani ya vifuko vidogo kwenye misuli, kwenye jicho na kwenye ubongo, na humo kinakaa maisha yote ya mtu kama makaa yaliyofunikwa na majivu. Hakuna dawa tuliyo nayo leo inayoweza kuvimaliza vifuko hivyo. Kwa aliye mzima haidhuru. Nitoe tahadhari moja tu kwa mzima: jicho. Wapo ambao kimelea huamka kwenye ukuta wa ndani wa jicho, wakaanza kuona ukungu au vidoa vyeusi vinavyoelea, na taa ikawaumiza. Huyo asinunue matone duka la dawa, aende kwa daktari wa macho.

Sasa mchukue mtu ambaye kinga yake imeshuka. Hospitali watakuwa wamekutajia CD4. Hizi ni chembe nyeupe za damu zinazoongoza ulinzi wa mwili, na mtu mzima mwenye afya huwa nazo kati ya 500 na 1,500 hivi kwa kila milimita moja ya ujazo ya damu. VVU vikiachwa bila ARV vinazila hizo. Zikishuka chini ya 200 milango inaanza kufunguka, na zikifika chini ya 100 ndipo toksoplasma hupenda kuamka. Vifuko vinapasuka, vimelea vinatoka na kuzaliana, vinatafuna ubongo mahali hapa na pale. Ndiyo vile vivimbe walivyoviona kwenye CT skani. Kikiwa upande wa kushoto wa ubongo, mkono wa kulia unalegea na maneno yanakwama, kwa wengi wetu sehemu ya kusema iko upande huohuo. Kichwa, homa, kuchanganyikiwa, degedege, vyote vinatoka hapo. Kwa aliye na kimelea hiki, CD4 zikiwa chini ya 100 na hapati ARV wala Septrin ya kinga, makadirio ya kawaida ni kwamba watu 3 kati ya 10 hivi wataangukia huko.

Si ajabu ya machimboni hiyo, wala ya mawe. Arthur Ashe, Mmarekani aliyetwaa ubingwa wa tenisi Wimbledon mwaka 1975, mwaka 1988 mkono wake wa kulia ulilegea ghafla. Akapasuliwa kichwa, ikakutwa toksoplasmosisi, na hapo ndipo ilipojulikana kwamba alikuwa na VVU, alivyovipata kwenye damu aliyoongezewa akifanyiwa upasuaji wa moyo. Alifariki mwaka 1993, kabla dawa za mseto anazomeza mdogo wako hazijapatikana.

VVU si mlango pekee wa ugonjwa huu. Aliyepandikizwa moyo au figo, anayepewa dawa kali za saratani, anayemeza steroidi za kiwango kikubwa kwa muda mrefu, wote hao kinga yao imepunguzwa na kimelea kinaweza kuamka. Moyo ndio wenye hatari ya pekee, kwa kuwa vifuko hukaa kwenye msuli, na msuli wa moyo unahama navyo kutoka kwa aliyeutoa. Waliotoa moyo na wanaoupokea hupimwa kimelea hiki kabla.

Turudi kwa mdogo wako, maana ana swali lake. Kwamba aliongea vizuri muda mfupi baada ya kuanza dawa ni habari njema mara mbili. Ni nafuu, na ni ushahidi kwamba ugonjwa ulitambuliwa sawasawa, kwa sababu madaktari wengi huanza tiba wakasubiri kuona: wiki mbili zikipita bila nafuu, wanaanza kufikiria TB ya ubongo au saratani ya matezi iliyoingia kichwani. Septrin anayomeza sasa ni ya kutibu, kiwango kikubwa, na hutumika kwa wiki sita au zaidi. Ikiisha haachi. Anashushiwa dozi, anaendelea na ya kulinda mpaka ARV zirudishe CD4 juu ya 200 na zikae hapo miezi sita. Uamuzi wa kuacha ni wa daktari wa CTC kwa vipimo, si wa mgonjwa kwa kujisikia vizuri. Alijisikia vizuri na Mirerani pia.

Wakati anameza Septrin nyingi hivyo anywe maji ya kutosha. Akitokwa na upele, vidonda mdomoni au macho mekundu yanayowasha, arudi hospitali siku hiyohiyo, asisubiri miadi. Septrin ni dawa ya salfa, na wapo ambao mwili wao unazikataa dawa hizo, ila mbadala upo. Na kama alipewa dawa ya kuzuia degedege, hakikisheni CTC wanaijua kwa jina. Baadhi ya dawa za kifafa, karbamazepini, fenitoini na fenobabitali, zinapunguza nguvu ya dolutegraviri, dawa iliyomo ndani ya kile kidonge kimoja cha ARV ambacho wengi humeza sasa. Mgonjwa anameza kila siku kwa uaminifu na virusi havishuki, kumbe dawa moja inaila nyingine. Mara nyingi hospitali ya degedege na kliniki ya ARV hazizungumzi, kwa hiyo wewe ndiye utakayebeba karatasi kati yao.

Na akitaka kusafiri tena, ipo barua ya uhamisho, na kwa mgonjwa aliyetulia kuna dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo. Hana haja ya kuanza upya kwa mtu asiyemjua akiwa na aibu yake mfukoni.

Sasa wewe, dada.

Kwa mjamzito shida ni moja: kupata kimelea hiki kwa mara ya kwanza kabisa mimba ikiwa tayari ipo. Kama ulishakipata kabla ya mimba, na kinga yako ni nzima, mwili wako unajua namna ya kukizuia na mtoto kwa kawaida yupo salama. Kwa hiyo miaka uliyokaa na Chui, kama iliwahi kukuambukiza, imekukinga. Anayekipata mara ya kwanza katika mimba ndiye anayeweza kukipitisha. Miezi mitatu ya mwanzo kupita ni kwa nadra, chini ya 2 kati ya 10, lakini kikipita kinaharibu sana: mimba kutoka, kichwa kujaa maji, macho na ubongo kudhurika. Miezi ya mwisho kinapita kwa zaidi ya nusu, ila madhara yanakuwa madogo, na mengine hujitokeza machoni baada ya miaka.

Ufaransa imekuwa ikiwapima wajawazito kimelea hiki tangu mwaka 1978. Kwetu kipimo hicho hakimo kwenye vipimo vya kawaida vya kliniki, ila hospitali kubwa na maabara binafsi zinacho. Ukikimudu, omba IgG na IgM, yaani kingamwili ambazo mwili hutengeneza dhidi ya kimelea hiki. IgG ikiwepo na IgM isiwepo, ulikipata zamani, lala usingizi. Zote zisipokuwepo, hujawahi kukipata, basi yale nitakayokuambia hapa chini yashike kwelikweli. IgM ikiwepo usilie kabla ya wakati: inaweza kubaki kwenye damu miezi mingi baada ya maambukizi, kwa hiyo daktari atataka kipimo kingine cha kujua ni ya lini. Ikithibitika ni mpya, dawa zipo. Zile SP unazomeza kliniki mbele ya muuguzi ni za malaria, zimeze, ila usizihesabu kuwa ndiyo kinga ya hili.

Mwaka huu uiogope nyama zaidi ya Chui. Mishikaki ya barabarani iliyoungua nje na ndani bado nyekundu, usile, hata ukiwa na hamu ya mimba. Nyama iive mpaka ndani kabisa, maji yake yasiwe na wekundu, kwenye nyuzijoto 67 kimelea kinakufa. Na hili akina mama wengi hawalifikirii: ile kuonja chumvi kwenye nyama mbichi uliyoiroweka kwa tangawizi na limau, unaweka ncha ya ulimi tu. Acha. Chumvi, limau na moshi haviui vifuko. Kibao ulichokatia nyama usikatie kachumbari juu yake, kioshe kwa sabuni kwanza, na kisu, na mikono. Maziwa ya mbuzi yachemshwe. Mchicha na matango yasuguliwe kwenye maji yanayotiririka, na maji ya kunywa yachemshwe: mwaka 1995 mji wa Victoria nchini Kanada ulipata wagonjwa wa toksoplasmosisi kwa sababu ya maji ya bomba yenyewe.

Upande wa paka, uelewe hesabu yake. Paka akila panya mwenye kimelea kwa mara ya kwanza, hutoa mayai kwenye kinyesi kwa wiki moja mpaka tatu, mamilioni, kisha kwa kawaida hatoi tena. Hutokea zaidi kwa paka mdogo anayeanza kuwinda. Chui wa miaka sita huenda alishamaliza zamu yake zamani. Tena mayai hayo yakitoka hayaambukizi hapohapo, yanahitaji siku moja mpaka tano kukomaa. Ndiyo maana kumshika paka manyoya si hatari kubwa, na kinyesi kilichozolewa kila siku ni tofauti na kilichokaa. Mayai yakishakomaa kwenye udongo wenye unyevu yanaweza kuishi zaidi ya mwaka.

Kwa hiyo gunia halisaidii. Chui akiondoka, mayai yaliyomo uani yatabaki, paka wa jirani wataendelea kuja, na panya watafurahi. Kuna jambo moja ningependa mume wako alifanye badala ya gunia: kama mna rundo la mchanga wa ujenzi hapo nje au mnapakana na nyumba inayojengwa, alifunike kwa turubai. Paka wote wa mtaa hujisaidia hapo, na watoto wote wa mtaa hucheza hapo. Kinyesi cha Chui azoe mumeo kila siku, si wewe wala mdogo wako, na achimbie mbali na bustani. Wewe ukipalilia mchicha vaa glavu, ukimaliza nawa kwa sabuni mpaka kwenye kucha. Chui apewe dagaa waliopikwa, asipewe utumbo mbichi wa kuku, na alale nje ya chumba cha watoto, kwa usafi tu. Mdogo wako naye afuate haya yote kwa nyama na udongo, maana akila vimelea vingine wakati CD4 ziko chini anajiongezea mzigo.

Kuhusu bodaboda: asubiri. Mtu aliyepata degedege, hata mara moja, anaweza kushikwa tena, na mkono wa kulia ndio wenye breki ya mbele na moto wa pikipiki. Akiwa kwenye kona na abiria mgongoni, hamtakuwa na muda wa kuuliza ilikuwa dawa ipi. Aseme wazi kwa daktari kwamba anataka kuendesha, apimwe nguvu za mkono, aambiwe ni miezi mingapi akae bila degedege ndipo apande. Kwa sasa amtafute fundi wa pikipiki amfundishe kutengeneza, au akusimamie shughuli zako hapo nyumbani. Na degedege likirudi, au kichwa kikianza upya, au akawa na usingizi usioamshika, asipelekwe popote pengine kwanza, wala msimtafutie mlozi. Hospitali, usiku huohuo.